UZI: Kupaka upya modeli za vichwa vya dizeli na mabehewa na kuziwekea vikorombwezo (nimeua bodi mbili, ya tatu imekubali)

FundiGerezani:
Wakuu habari za Jumapili. Watu watatu wamenifuata inbox kuulizia ile picha ya kichwa cha treni niliyotupia kwenye uzi wa picha, mmoja akadai nimenunua vilevile dukani halafu nakuja kujifanya fundi 😂 Hapana bwana. Ile ni Lima ya zamani, kampuni ya Waitaliano ya modeli za treni ambayo siku hizi haipo, Hornby wa Uingereza ndo walichukua mali zake. Nimeiokota mnadani kwa pauni 12 ikiwa imepakwa kijani na mtoto wa mtu, nadhani alitumia brashi ya kucha. Sasa hivi ni kichwa namba 37401, jina lake Mary Queen of Scots, bluu yenye nembo kubwa ya British Rail ubavuni na uso wa manjano, kama ilivyokuwa ikivuta abiria kutoka Glasgow kwenda Fort William na Mallaig mwaka 1986 hivi.

Mimi niko Derby huku Uingereza, nafanya kazi ghala usiku. Rangi sikujifunzia huku, nilijifunzia Gerezani kwa mjomba nikipuliza daladala. Na huo ndo ulikuwa ugonjwa wangu wa kwanza maana nilijua najua.

Bodi ya kwanza. Nataka kutoa rangi ya zamani, nikafanya kama gereji, nikachukua tina ya gari nikalowesha kitambaa nikapangusa. Wakuu. Ndani ya dakika moja pua ya kichwa ikalegea kama mkate uliodondokea kwenye chai. Ile ni plastiki, siyo bati la Hiace. Tina ya gari na ile asetoni ya kutolea rangi ya kucha zinaiyeyusha plastiki yenyewe, rangi na bodi vinaondoka pamoja. Kinachofaa ni spiriti ya isopropili, ile kali ya asilimia 99. Unatoa vioo vyote, unalaza bodi kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko, unaiacha masaa machache halafu unasugua na mswaki wa zamani. Rangi za kiwandani nyingi zinaachia. Za enameli zilizopakwa na mtu nyumbani ni bishi, utarudia mara mbili tatu, na usiiache humo siku tatu ukaenda safari maana kuna plastiki zinakuwa kavu na kupasuka. Jaribu kwanza kwa ndani pasipoonekana. Dirisha wazi, na usiwe na jiko karibu.

Bodi ya pili niliiua kwa ujinga wa aina nyingine na huu ndo nataka tuuongelee sana. Nilimaliza kila kitu, rangi safi, namba 37401 nimebandika, nikaipiga picha nikaipeleka kwenye klabu yetu ya hapa mtaani. Mzee mmoja akaiangalia akaniuliza kwa upole, mbona pua yake siyo?

Iko hivi. Class 37, aina ya vichwa vya dizeli vya Uingereza, zilitengenezwa 309, kati ya 1960 na 1965, na English Electric. Zile 119 za mwanzo puani zina mlango katikati na visanduku viwili vya namba ya safari, kimoja kila upande. Za baadaye zina kisanduku kimoja kipana katikati. 37401 ni ya kundi la baadaye. Mimi bodi yangu ilikuwa ya visanduku viwili, kwaiyo nilikuwa nimempaka mtu rangi ya ndugu yake. Isitoshe kuanzia 1976 zile namba za safari hazikutumika tena, visanduku vikazibwa na kubaki taa mbili tu, na mimi nilikuwa nimeweka namba kabisa zinawaka 🤦🏾

Kwaiyo kabla hujafungua kopo lolote, usipake "Class 37". Chagua namba moja, na mwaka mmoja, ikiwezekana picha ya siku moja. Kichwa kimoja kimeishi miaka sitini, kilianza kijani, kikaongezewa kipande kidogo cha manjano usoni, kikawa na uso mzima wa manjano, kikawa bluu, kikabadilishwa namba mwaka 73 au 74, kikaenda kufumuliwa karakana ya Crewe. Kila hatua kuna kitu kimeongezwa na kingine kimezibwa. Ukichanganya unapata kitu ambacho hakijawahi kuwepo. Mimi siku hizi nakusanya picha wiki mbili ndo nashika msasa.

Ngoja nile, naendelea.

Kipisi cha Reli:
Naweka kambi hapa. Kiti, kahawa na kashata.

Mwana_Voi:
Form iko sawa kabisa. Swali mkuu, hiyo English Electric ndio hao waliotuletea vichwa vya Class 87 huku Kenya? Baba yangu alikuwa fireman wa treni za mvuke halafu akahamishwa diesel, hizo 87 ndio alizifanyia kazi mpaka akastaafu.

FundiGerezani:
@Mwana_Voi ndo hao hao kaka. East African Railways walizichukua kati ya 1960 na 1967, mwanzoni zikiitwa Class 90, 87 ni jina la baadaye. Baada ya Jumuiya kuvunjika 1977 zikabaki Kenya Railways. Yani wakati hizi 37 zinatengenezwa, za kwenu nazo zilikuwa zinatengenezwa. Mzee yupo? Ntakuja na maswali.

Naendelea. Baada ya kuvua rangi, osha bodi na maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kausha, na kuanzia hapo usiishike kwa mikono mitupu maana mafuta ya vidole yanakuja kutokea chini ya rangi kama alama ya polisi.

Vikorombwezo vinaingia kabla ya rangi. Lima vishikio vyake vya mlangoni vimemwagwa pamoja na bodi, ni kama matuta. Vikate na kisu chenye ncha, piga msasa wa maji, toboa tundu kwa keekee ya mkono na uweke waya. Hapa pana mtego: watu wanatumia waya wowote waliopata. Skeli ya OO ni 1 kwa 76, kwaiyo waya wa nusu milimita ni sawa na bomba la milimita 38, hilo ni bomba la maji siyo kishikio. Mimi natumia wa 0.33. Feni ya juu ya paa nimekata plastiki yote nikaweka wavu wa chuma uliochongwa kwa asidi, unauzwa tayari, na chini yake feni yenyewe unaiona. Hicho kitu peke yake kinabadilisha sura kuliko rangi. Mbele kwenye bafa weka mabomba ya breki, na kwa vile hii ilikuwa ya Scotland weka na majembe ya theluji.

Praima ya kijivu, nyepesi. Halafu hapa ndo ugereji ulinisaidia: praima haipakwi ili kupendezesha, inapakwa ili ikuonyeshe makosa. Utaona mikwaruzo yote. Pati, msasa namba 1000, praima tena.

Manjano kwanza. Manjano ni rangi dhaifu, ukiiweka juu ya bluu utapiga mikono kumi na bado itakuwa na kijani fulani hivi ya mgonjwa. Puliza nyeupe sehemu ya uso, juu yake manjano mikono mitatu minne myembamba, iache. Kukauka kwa enameli usikuulize kwa kidole, kuulize kwa pua. Inusishe, kama bado inanuka rangi basi haijakauka hata kama haishiki. Mimi niliiacha siku sita juu ya kabati wife akilalamika.

Kisha mkanda. Siyo ule wa hardware wa kupakia nyumba, nunua wa modeli, Tamiya wanao, na hata huo ukate ukingo mpya kwa kisu na rula kwa sababu ukingo wa kiwandani unakuwa umeokota vumbi. Ukishabandika pitisha vanishi nyembamba kwenye mpaka wa mkanda kabla ya bluu. Kama kuna upenyo, kitakachopenya ni vanishi isiyo na rangi. Huu ujanja peke yake ungeniokolea miezi.

BintiKisauni:
Mie nakaa Mombasa na nna eabrashi ndogo, ile brashi ya kupuliza rangi kwa hewa, naifanyia keki 😄 ndipo nikaanza na vibehewa vya mwanangu. Shida yangu rangi ya kung'aa ikikauka inafanya ukungu mweupe juu kama kioo cha bafuni. Nimebadilisha rangi mara mbili, wapi.

FundiGerezani:
@BintiKisauni dada rangi haina kosa, ni unyevu wa pwani. Tina ikiruka haraka inapoza uso wa rangi, maji ya hewani yanatua palepale. Usipulize asubuhi mapema wala baada ya mvua, subiri jua lipande, weka kichujio cha maji kwenye mpira wa kompresa, na tumia tina inayoruka polepole. Mimi huku nina ugonjwa wa upande wa pili, kibanda changu Januari ni baridi kama friji ya bucha, rangi inatoka nzito inafanya ganda la chungwa. Kopo naliweka kwenye bakuli la maji ya moto kwanza. Maji tu, siyo jikoni.

Presha kwenye eabrashi psi 15 mpaka 20, umbali sentimita 10 hivi, rangi iwe kama maziwa freshi, siyo mtindi. Anza kupuliza nje ya bodi, pita, maliza nje. Ukianzia katikati unatema donge.

Mzee wa Msasa:
Naomba nitofautiane kidogo na mtoa mada. Siyo lazima eabrashi. Nimepaka mabehewa saba kwa brashi hapa Dodoma na hakuna mtu amejua. Siri ni brashi bapa laini, rangi nyepesi, na kutorudi nyuma. Ukishapita umepita. Vijana wanarudi kurekebisha ndo wanaacha michirizi.

FundiGerezani:
@Mzee wa Msasa kwa rangi moja iliyokoza nakubali mzee wangu, shikamoo. Ila manjano kwa brashi, hapana, hiyo siamini mpaka nione.

Mzee wa Msasa:
Marahaba. Manjano sijasema 😅

TrenIkoWapi:
Mabehewa je? Nina Mk1 mbili, yale mabehewa ya abiria ya British Rail, za maroon nataka ziwe zile za bluu na kijivu.

FundiGerezani:
@TrenIkoWapi behewa ni kazi ya uvumilivu kuliko kichwa, kwa sababu ni refu. Mk1 ya futi 64 na nusu ni sentimita karibu 26 za mstari ulionyooka, na jicho la binadamu linaona mstari uliopinda hata nusu milimita. Maroon ilianza 1956, bluu na kijivu zikaja katikati ya miaka ya sitini, kwaiyo behewa lako kuvaa zote mbili kihistoria ni sawa.

Kijivu kwanza sehemu ya madirisha, mkanda juu na chini, halafu bluu. Usihangaike kuchora ule mstari mwembamba mweupe unaotenganisha, nunua dekali za mistari, zile stika nyembamba za kulowesha kwenye maji, na zenyewe ndo zitaficha pale mkanda ulipotetemeka. Kabla ya dekali piga vanishi ya kung'aa hata kama mwisho unataka isiyong'aa, maana dekali ikikaa juu ya uso wenye chembechembe inabaki na hewa chini, inaonekana kama stika ya bodaboda. Paka Microset chini na Microsol juu, ni dawa za maji za kushikisha na kulainisha dekali, nayo itakunjamana vibaya utashtuka, USIIGUSE. Inajinyoosha yenyewe. Mimi mara ya kwanza niliigusa, nikabaki na nusu ya namba.

Juu ya madirisha ya daraja la kwanza kuna mstari wa manjano, behewa la chakula mwekundu. Watu wanasahau.

Na kama unachotaka ni kubadili namba tu, usivue rangi yote. Kijiti cha meno na tone la tina ya enameli, sugua taratibu namba ya zamani itoke, bandika mpya, vanishi. Nusu saa.

Kipisi cha Reli:
Halafu jamani chunga kichwa na mabehewa viendane. Nimeona mtu video kaweka 37 ya mwaka 79 inavuta Mk2 za AC, mabehewa yaliyofuata baada ya Mk1. Zile Mk2 kuanzia kundi la d zinahitaji umeme kutoka kwenye kichwa, na 37 za wakati huo zilikuwa na boila ya mvuke ya kupasha joto, hazina umeme huo. Abiria wote wangeganda. Ndo maana 1985 na 86 wakafanyia kazi vichwa 31 vya aina hiyo pale Crewe wakaviita 37/4, hizo ndo zenye umeme.

TrenIkoWapi:
Mkuu ni toy.

Kipisi cha Reli:
Ni toy mpaka uanze kuhesabu misumari yake.

DohaTazara:
Niko Qatar ila kwetu ni Mbeya, nimekulia kusikia honi ya TAZARA. Nataka kutengeneza treni yao. Hakuna dukani. Nimeambiwa reli yao siyo saizi ya modeli yoyote.

FundiGerezani:
@DohaTazara umedanganywa nusu. Reli ya TAZARA ni milimita 1067. Ukichagua skeli ya 1 kwa 64, 1067 inakuwa milimita 16.7, na reli za kawaida za HO na OO zinazouzwa kila mahali ni 16.5. Yani unatumia reli na chesesi za dukani, unajenga bodi kubwa juu yake. Watu wa New Zealand wanafanya hivyohivyo kwa sababu na wao reli yao ni 1067. Bodi utachora kwenye kompyuta ukaprinti 3D au ukate shiti za plastiki. Ukiprinti kwa rezini osha vizuri na uianike kwenye mwanga wa UV kabla ya praima, la sivyo inabaki kunata na rangi inakuja kubanduka kama ngozi ya aliyeungua jua.

Za mita moja, kama reli za zamani za TRC na za Kenya, ni habari nyingine. Kwa 1 kwa 87 ni milimita 11.5, na reli za milimita 12 zipo, Waswisi wanazitumia kwa treni zao za milimani, na Hornby nao tangu 2022 wana skeli ya TT:120 ambayo reli yake ni 12. Chesesi haikosekani.

Mwana_Voi:
Buda hapo ndio umenigusa. Nataka 87 ya mzee. Nilikuwa nafikiria ninunue 37 nitoe magurudumu nitumie.

FundiGerezani:
Usinunue. 37 ina ekseli tatu mbele na tatu nyuma. 87 ina tatu za kusukuma na moja ndogo ya mwishoni isiyo na mota, mbele hivyo na nyuma hivyo, jumla nane. Waligawa uzito wake hivyo kwa sababu reli ya huko ilikuwa nyepesi. Ukiweka sita mzee atakuuliza zingine umeuza wapi.

Picha unayo? Ukipata iliyopigwa moja kwa moja kutoka mbele, upana kati ya reli mbili ni mita moja kamili, hiyo ndo rula yako. Pima kwenye picha, gawanya, utapata urefu wa taa, upana wa kioo, kila kitu kilicho karibu na mstari uleule. Cha mbali zaidi kinadanganya kidogo.

BintiKisauni:
Na kuchafua je? Naona watu wanamaliza kupaka vizuri halafu wanapaka matope. Roho inaniuma.

Mzee wa Msasa:
Mimi sichafui. Nimetoka jasho kuipata safi.

FundiGerezani:
Mimi nachafua ila kidogo na kwa mpangilio. Watu wanapuliza kahawia kila mahali kama gari lililotoka Ifakara masika. Uchafu una sababu. Vumbi la breki liko chini kwenye magurudumu, ni la kutu, haliruki mpaka dirishani. Moshi uko kwenye paa karibu na ekzosti tu, mweusi, unafifia kuelekea nyuma. Chini ya mdomo wa tenki kuna michirizi ya dizeli, hiyo inang'aa, usiipige vanishi ya kufifisha. Halafu kuna kitu kingine, rangi halisi ukiiweka kwenye kitu kidogo inaonekana imekoza mno, mimi naweka tone la nyeupe kwenye bluu, macho yanaikubali zaidi.

Mwana_Voi:
Wasee nimerudi. Nimempelekea mzee simu nikamsomea huu uzi wote jioni hii. Ya magurudumu amecheka sana, akahesabu na vidole, nane kweli. Picha anayo moja, amesimama mlangoni Nairobi, ni ya upande lakini, siyo ya mbele.

Nikamuuliza kuhusu uchafu. Akasema nyinyi mnaongea moshi moshi, hamjaongea mikono. Anasema pale dereva anaposhika akipanda, rangi ilikuwa imeisha kabisa, chuma kinang'aa kama sarafu, na chini yake kwenye ngazi pia. Kwingine kote inaweza kuwa imeoshwa jana, lakini hapo hapaoshwi pakapona.

FundiGerezani:
Nimeenda kuangalia picha zangu za 37401 sasa hivi. Kweli bwana. Vishikio vyote vya mlango wa dereva vimechubuka na mimi vyangu nimevipaka vikang'aa kama vya harusi. Waya wangu ni shaba, nikikwangua itatokea rangi ya shaba, kwaiyo itabidi penseli ya risasi, niisugue juu ya vanishi taratibu pale katikati tu. Nitaweka picha Jumatano nikitoka zamu. @Mwana_Voi muulize mzee alikuwa anapanda kwa mkono gani kwanza.

Mwana_Voi:
Kushoto. Kulia alikuwa ameshika chai.